Shajara ya mradi: Nyamwamba hadi Katwe, masimulizi ya kusikiliza garini

Mwisho wa Mei, Kasese

Mradi wenyewe ni huu: faili za sauti kwa Kiswahili, za kusikiliza ndani ya gari, kwa msafiri wa magharibi mwa Uganda anayeanzia Kilembe juu, kwenye mji wa machimbo ya shaba ya zamani, akateremka na mto Nyamwamba hadi Kasese mjini, kisha akashika barabara ya Mbarara mpaka ziwa la chumvi la Katwe. Kila kipande kinaanza penye alama inayoonekana kwa macho: daraja, njia panda, kibao cha Ikweta. Unapakua zote ukiwa hotelini, maana ukishaingia Hifadhi ya Queen Elizabeth mtandao hauaminiki na simu hugeuka saa ya mfukoni.

Kwa nini Kiswahili? Kwa sababu wanaopita hapa si Wazungu peke yao. Wapo wa Nairobi na Kisumu wanaokuja na magari yao, wapo wa Mwanza, na wapo wengi wa Beni na Butembo wanaovuka mpaka wa Kongo pale Mpondwe kwa biashara bila kuwahi kuambiwa lolote kuhusu nchi wanayoikata. Sisi wa Kasese nyumbani tunasema Lukonzo, sokoni mpakani tunasema Kiswahili, ofisini Kiingereza. Masimulizi ya watalii yote yamebaki ofisini.

Timu ni ndogo. Mimi naandika na kusoma. Mpwa wangu anakata na kusafisha sauti kwenye kompyuta. Dereva ni mzee aliyeendesha malori miaka mingi kati ya Mpondwe na Kampala na sasa ana Noah yake. Ananiita Mwalimu, namwita Mzee, na hatujakubaliana kuhusu kituo hata kimoja bila kubishana.

Bishano la kwanza lilikuwa pa kuanzia. Yeye alitaka Kasese mjini, maana ndiko wageni wanakolala. Mimi nilitaka Kilembe. Hoja yangu: njia hii ina maji ya namna mbili. Ya Nyamwamba hayakai, yanashuka, yanabeba chochote yanachokikuta na kupita nacho. Ya Katwe hayana pa kwenda, kwa hiyo kila yalichokuja nacho kinabaki. Ukianza safari penye chumvi tu utaiona chumvi. Ukianza penye mto utajiuliza kwa nini maji haya yakabaki matamu na yale yakawa machungu. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba mafuta ya kupandia Kilembe ni juu yangu.

Juni, Kilembe

Kasese hadi Kilembe si mbali, na barabara inaandamana na mto karibu njia nzima. Nyamwamba ukiuona siku ya jua hautakutisha. Maji ya magotini, povu jeupe, watoto wanafua nguo. Cha kutazama ni mawe. Mengine yanakaribia ukubwa wa teksi ya abiria kumi na wanne, yameviringika na kulainika, yamelala mahali palipokuwa na nyumba. Hakuna greda iliyoyaleta.

Yaliletwa na maji. Tarehe 1 Mei 2013 mto ulifurika ukaingia hadi hospitali ya Kilembe, ukabeba nyumba, madaraja na barabara. Mei 2020 ukarudi, safari hii pamoja na Mubuku na mito mingine ya wilaya, na hospitali ikaharibiwa vibaya kuliko mara ya kwanza. Katika sauti nimeeleza sababu bila kupamba: bonde ni jembamba, miteremko ni mikali, na mvua kubwa ikinyesha juu haina njia nyingine ila hii moja. Kila mafuriko yanaacha mawe na mchanga kwenye kitanda cha mto, kina kinapungua, na maji yanayofuata yanatoka nje ya kingo mapema zaidi. Ndiyo maana mashine za kuchimba zinaingia mtoni kutoa mawe, na kando utaona kuta za mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya.

Kurekodi hapa kulitaka uvumilivu. Mto una kelele mbili. Ya juu ni maji, na hiyo mpwa wangu anaipunguza. Ya chini ni mawe kugongana chini ya maji, mgurumo mfupi mfupi unaousikia zaidi kifuani kuliko masikioni, na huo unameza sauti ya mtu. Mwishowe tuliutenga: kwanza unasikia mto wenyewe bila maneno, halafu ndipo maelezo yanaanza, yakiwa yamesomwa nyumbani chumbani.

Mama mmoja aliyepoteza nyumba yake alitusimulia kwa muda mrefu akiwa amekaa juu ya jiwe ambalo, alisema, liko juu ya jiko lake. Akaruhusu maneno yatumike, sauti hapana. Tumeheshimu. Nimeyasoma mimi, na mwanzoni nimesema ni maneno yake.

Kuhusu barafu. Wageni huambiwa kwamba mito hii ni theluji ya Rwenzori iliyoyeyuka. Inapendeza kusikia, ila nimeikataa. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na kweli kina barafu, lakini waliopima wameona kwamba maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya mito inayofika bondeni. Kinachoulisha mto ni mvua, pamoja na vinamasi vya juu vinavyonyonya maji na kuyaachia taratibu. Mwaka 1906, msafara wa Waitaliano ulioongozwa na mwanamfalme mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi ulipofika kileleni, barafu ilikuwa imekaa juu ya milima sita ya safu hii. Leo imebaki mabaki. Wazee wa Kikonzo wanasema Kithasamba, mungu wao wa mlimani, anakaa huko juu, na hilo nimeliweka kwenye sauti kama linavyosemwa, bila kuongeza neno.

Shaba nimeipa kipande chake. Uchimbaji mkubwa ulianza 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese kutoka Kampala, ukasimama 1982. Safu za nyumba za wafanyakazi bado zipo na watu wanaishi ndani. Baba yake Mzee alishuka mashimoni. Mzee anasimulia vizuri kuliko mimi, kwa hiyo hapa nimemwachia kipaza sauti, na amezungumza akiendesha, gia zikisikika.

Juni, Kasese mjini

Kipande kifupi. Stesheni ipo, treni haipo. Mabaki ya madini yaliyorundikwa wakati wa shaba yalikuja kutolewa kobalti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa njia ambayo abiria wangu wa kwanza walidhani nawatania: bakteria walitiwa kwenye matangi wakamumunya yale mabaki, madini yakatoka. Kabla ya hapo maji yaliyochuruzika kutoka kwenye lundo yaliacha ukanda mtupu, usioota hata nyasi, hadi ndani ya hifadhi. Mto na maji ya pembeni yake hubeba kila kitu, na shaba haikusamehewa.

Mjini hapa ndipo tunapoagana na Nyamwamba. Wenyewe unaelekea mashariki, unaingia Ziwa George. Kutoka George maji hupita mlango wa Kazinga hadi Ziwa Edward, yanatoka kwa Semliki, yanapanda kaskazini hadi Ziwa Albert, kisha Nile, kisha Misri. Nimesoma mlolongo huo polepole, jina kwa jina. Mpwa wangu alitaka kuweka muziki chini yake. Hapana.

Julai mwanzoni, Kikorongo na Ikweta

Kutoka Kasese kwenda kusini milima iko kulia kwako, nyanda za Ziwa George kushoto. Kikorongo ni njia panda: kulia ni Bwera na Mpondwe, mbele ni Ikweta na Katunguru. Ajabu ya eneo hili ni ukavu. Umetoka kwenye mlima unaonyeshewa karibu mwaka mzima, na hapa chini ni nyasi fupi na miti yenye mikono kama vinara, ile tunayoita mitupa. Sakafu ya Bonde la Ufa inapata mvua chache na jua kali, na jua hilo tutalihitaji tukifika Katwe.

Ikweta kuna duara za saruji pande zote mbili za barabara. Kila mtu anashuka apige picha, hakuna haja ya kumshawishi. Mzee alitaka niingize hadithi ya maji yanayozunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili, kama wanavyoonyesha na mabeseni kule Kayabwe, barabara ya Masaka. Nikamwambia mzunguko wa dunia unageuza vimbunga, lakini beseni ni dogo mno. Maji ya beseni yanafuata mkono wa aliyeyamimina. Akasema watalii wanaipenda. Nikasema wanaweza kuipenda Kayabwe.

Onyo nimeliweka mapema katika kipande hiki: tembo huvuka barabara, usiku hasa, na mwenye haraka ndiye hukutana naye. Usishuke penye nyasi ndefu. Nyani usiwape chakula, hata wakikutazama vile.

Julai, kasoko

Kipande hiki kilinisumbua kukiandika kuliko vyote, kwa sababu volkano ambayo watu wanaijua ni mlima unaochongoka juu. Hapa hakuna mlima. Kuna mashimo. Uji wa moto ulipanda kutoka chini, ukakutana na maji yaliyojaa ardhini kabla haujafika juu, maji yakageuka mvuke kwa ghafla na ardhi ikalipuka. Kilichobaki ni bakuli lenye ukingo wa majivu yaliyogandamana, na bakuli zenyewe ni nyingi, zimepakana, nyingine zimeingiliana. Zenye maji zimekuwa maziwa. Zisizo na maji zina nyasi, msitu, nyati.

Ipo njia ya ndani, kilomita 27 kati ya Ikweta na lango la Kabatoro, inayopanda na kushuka kwenye kingo za kasoko hizi. Noah haiiwezi, ina mawe, na kiingilio cha hifadhi kinalipwa. Tuliazima gari la juu kwa rafiki tukaipita. Kituo cha Nyamunuka huhitaji hata kuambiwa umefika: harufu ya yai viza inaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Ni gesi yenye salfa. Nyati wanaonekana kutoijali kabisa. Njia hii nimeiweka kama kipande cha hiari, ili mwenye gari dogo asije akaifuata kwa sababu sauti ilimwambia.

Julai hadi Agosti, Katwe

Mji wa Katwe umekaa juu ya ukingo mwembamba. Upande mmoja ni Ziwa Edward, maji baridi, mitumbwi, ngege na kambale. Upande wa pili, kwa mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, ni shimo la volkano lenye ziwa la chumvi, na uso wa ziwa hilo uko chini kuliko uso wa Edward. Ukisimama juu unaona yote mawili kwa kugeuza shingo. Nimeamua kwamba hapo ndipo gari lizimwe. Vipande vyote vilivyobaki ni vya kusikiliza ukiwa umesimama au unatembea.

Kwa nini moja ni tamu na jingine chungu? Edward lina mto unaoingia na mto unaotoka. Katwe halina mlango wa kutokea. Chemchemi zinazochuruzika kuzunguka shimo zinapita kwenye miamba ya volkano, zinayeyusha chumvi zake, zinaingia ziwani. Jua linachukua maji, chumvi inabaki, chemchemi zinaleta nyingine. Miaka kwa maelfu. Si chumvi ya chakula peke yake: kuna magadi humo, na chumvi za salfa, ndiyo maana maji ukiyagusa yanateleza kama sabuni, na ndiyo maana kuna ladha inayokaa kwenye ulimi baada ya uchungu kwisha.

Ukingoni ziwa limegawanywa viwanja, vidimbwi vya mraba kimoja kando ya kingine, kuta zake za tope jeusi na miti na nyasi. Kila kiwanja kina mwenyewe, na vingi vimerithiwa. Tulikwenda kwa mwongozaji wa kituo cha utalii cha Katwe, kijana wa hapo, aliyejua nani hapendi kupigwa picha. Mama aliyekuwa kazini alinipokea kwa amri: "Mwanangu, usikanyage huo ukingo, utanibomolea." Nikakaa kwenye ubao.

Anachofanya ni hiki. Maji ya chumvi yanaingizwa kidimbwini, yanaachwa. Jua likishika, utando unajitengeneza juu, mweupe, mwembamba kama ukoko wa maziwa. Mwanzoni unaelea. Ukiwa mzito unazama, na chini unajikusanya kuwa chembe. Anaingia na buti za mpira, anainama, anakusanya kwa mkono, kwa ukingo wa kiganja, akivuta kutoka chini kwenda kwake bila kugusa tope. Hapo ndipo ufundi ulipo: akizidisha kina kwa upana wa kidole anaokota tope, chumvi inatoka ya kijivu na bei inashuka. Anaisuuza katika maji yaleyale ya chumvi, maana maji matamu yangeiyeyusha, kisha anaimwaga kwenye beseni lenye matundu. Nilishika ngumi moja. Chembe zilikuwa na pembe kali, na jeraha dogo nililokuwa nalo kidoleni likajitambulisha mara moja. Yeye mikono yake ina nyufa za miaka, na buti zikitoboka, alisema, siku imekwisha.

Wanaume wengi wako ndani zaidi, wamesimama majini hadi kifuani, wanavunja chumvi ya mawe iliyoganda chini kwa mtaimbo na kuileta ukingoni. Hiyo ni mabamba mazito ya kijivu. Nyingi inakwenda kwa wafugaji, ng'ombe wairambe, na nyingine inavuka kwenda Kongo. Mzee alizipakia sana enzi za lori. Anasema zilikula bodi ya gari kuliko miaka.

Mvua ndiyo adui. Chumvi ni ya miezi ya jua, Januari na Februari, kisha Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Mvua moja ya usiku inaweza kurudisha ndani ya maji kazi ya wiki.

Kando ya ziwa yapo magofu ya kiwanda. Kilijengwa miaka ya 1970 kwa ufundi wa Wajerumani ili kuvuta maji ya ziwa na kusafisha chumvi kwa mitambo. Hakikudumu, maji ya Katwe yalikula mabomba. Vyuma vimesimama hadi leo, vyekundu kwa kutu, na chini yake wanawake wanaendelea na njia ileile iliyokuwapo kabla yake. Nilitaka kuandika sentensi ya kejeli hapo. Nikaifuta, picha inatosha.

Agosti, kipande cha historia

Hiki nilikitamani tangu mwanzo. Chumvi ya Katwe ilipiganiwa kwa sababu katika nchi hii ya ndani, mbali na bahari, aliyeshika chumvi alishika biashara. Ufalme wa Bunyoro, chini ya mfalme Kabalega, uliidhibiti. Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1889, na waliobeba mizigo yake wengi walikuwa watu wa Unguja, kwa hiyo Kiswahili kilisikika kwenye ukingo huu kabla ya bendera yoyote ya Mwingereza kufika. Mwaka 1891 Kapteni Mwingereza, Frederick Lugard, akajenga boma, Fort George, palepale Katwe, ili chumvi iwe chini yake. Hakuwa na shaka ni kitu gani cha kwanza kushika.

Kipande hiki nimekiweka mwisho, baada ya msikilizaji kuona mikono na vidimbwi. Kikitangulia, mama wa chumvi anakuwa pambo la hadithi ya makapteni.

Mwisho wa Agosti, majaribio

Tulipakia ndugu wa shemeji waliotoka Kisumu, watu wazima wanne na watoto wawili, tukawaachia spika bila sisi kusema neno. Matokeo: kipande cha Kilembe kiliwanyamazisha wote, watoto pia. Cha kobalti kilizua mjadala uliofika Kikorongo. Kwenye mashimo ya volkano walichoka, kwa hiyo kimekatwa nusu. Katwe walitaka kushuka kabla sauti haijaisha, jambo ambalo nimelichukua kuwa sifa.

Kasoro moja ya kiufundi: nilisoma kwa mwendo wa redio, na Mzee haendeshi kwa mwendo wa redio. Alama ya Kikorongo ilikuja wakati Kikorongo imeshapita. Sasa kila kipande kinaisha kwa maneno "zima hapa, washa tena ukiona..." na dereva ndiye anayeamua. Hapo tu Mzee aliridhika bila kubishana.

Septemba, hali ilivyo

Mvua zimeanza, vidimbwi vya Katwe vimejaa maji ya mvua, kwa hiyo picha za jalada zitasubiri Januari. Flamingo wa Munyanyange, ziwa dogo jirani, nimewataja kwa tahadhari: wanakuja kwa msimu, na mgeni asiyewakuta asiidai sauti.

Vipande vya Kilembe, Kasese, Ikweta na Katwe vimekamilika. Mpwa wangu anasoma upya maneno ya mama wa Kilembe, kwa sababu sauti ya kike inayabeba vizuri kuliko yangu, na mama mwenyewe aliposikia jaribio alisema huyo ndiye. Nakala za kwanza zinakwenda kwa madereva wa stendi ya Kasese kwenye kadi za kumbukumbu, bure, kwa makubaliano kwamba wakiona daraja limehamishwa au kibao kimeanguka wananipigia.

Kinachofuata ni toleo la upande wa pili, kwa wanaoingia kutoka Kongo. Litaanzia daraja la Lhubiriha pale Mpondwe, litakuja Kikorongo, litateremka Katwe kwanza na kupanda Kilembe mwisho. Kila "kulia kwako" itabidi igeuzwe, na maelezo ya chumvi yatatangulia ya mto, kwa hiyo si suala la kupanga faili upya tu. Jumatatu tunaanza kuyapima mabonde ya Bwera. Mafuta, tumekubaliana, ni nusu kwa nusu.